Ufunguo Uliorudishwa kwa Mkono

Ufunguo ulikuwa na joto. Walubengo alilitambua hilo mara tu ulipogusa kiganja chake, asubuhi ya Jumamosi, Julai 1989, wakati baridi ya Kitale huwafanya watu wapulizie vidole kabla ya kusalimiana. Ulikuwa ufunguo wa chuma, wa kufuli kubwa, na aliyeuleta alikuwa ametembea nao mkononi kutoka dukani, mwendo wa dakika kumi. Labda ni joto la mkono wake, Walubengo alifikiri. Lakini mkono wenyewe, walipoagana, ulikuwa baridi kama bomba la maji.

"Sasa nimekurudishia kitu yako," Wakhungu alisema. "Mbele ya mama watoto. Agneta, umeona?"

"Nimeona, shemeji," Agneta alijibu. "Keti basi unywe chai."

Wakhungu hakuketi. Walubengo alikuwa amemwambia auweke ufunguo mezani, pale karibu na sukari, lakini alikataa. "Kitu ya mtu inarudishwa kwa mkono, koki. Kwa meza ni kwa nani?" Alipokwisha kuutoa alijipangusa kiganja kwenye suruali, mara mbili, akacheka kidogo, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Hawa wawili walitahiriwa Agosti 1962, alfajiri moja, baada ya kupakwa tope la mto mmoja karibu na Misikhu. Mbukusu aliyesimama nawe siku ile humwiti rafiki. Humwita koki, naye ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja, kwa sababu ndugu hukutetemeka naye. Koki hashtakiwi. Koki akileta kitu mlangoni, kinapokelewa.

Ndiyo maana Walubengo, karani wa reli aliyejenga duka lake kwa miaka tisa, hakutaka maandishi yoyote Wakhungu alipokuja kupanga mwanzoni mwa 1987. Wakhungu ndiye aliyetaka karatasi. "Wacha tuandike, koki. Miaka mitano. Nataka nikimwambia mtu hii nyumba iko mikononi mwangu, isiwe uongo." Waliandikishana. Wakhungu akaleta vitambaa kutoka Mombasa, akahamishia mke na watoto wanne kwenye vyumba viwili vya nyuma, na biashara ikashika hata wanawake wa Kapsokwony, juu Mlima Elgon, wakawa wanateremka kununua kwake. Kisha, katikati ya mwaka wa tatu, akaandika barua ya mistari minne: amechoka na baridi, anarudi kwao Chwele.

Walubengo aliipeleka barua kwa Kimeli, wakili kijana mwenye ofisi juu ya duka la mbolea.

"Ana haki ya kutoka?" aliuliza.

"Mkataba haumruhusu. Kwa hivyo mwenye kuchagua ni wewe, mzee, si yeye." Kimeli alikunja barua. "Unaweza kukataa. Unamwambia nyumba ni yake mpaka mwaka wa tano uishe, aishi ndani, asiishi, ni shauri yake, kodi ije. Ama utafute mpangaji mwingine, na huyu akulipie ile miezi nyumba imekaa bure. Ama umkubalie aende, mkataba ufe."

"Hiyo ya mwisho."

"Polepole. Usishike ufunguo kabla hujafikiri. Ukishaupokea, kila kitu kilicho ndani ya ile nyumba ni chako. Bomba limepasuka, ni lako. Ukuta umeanguka, ni wako. Hakuna atakayekuuliza ulikuwa unamaanisha nini."

Walubengo alicheka. "Huyo ni koki wangu, wakili. Tulipakwa tope pamoja."

"Hata sisi Wasabaot tuna rika, mzee. Ndio wateja wangu wengi."

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo Walubengo hakuitaja. Lenah, kifungua mimba wake, alikuwa amemaliza kozi ya ushonaji na alikuwa akitafuta mahali pa kuweka cherehani. Barua ya Wakhungu aliiona kama maombi yaliyojibiwa.

Alasiri ile ile ya kupokea ufunguo alikwenda kukagua duka, na karatasi mkononi, kama afanyavyo mwenye nyumba yeyote. Kioo kimoja kimepasuka. Misumari kumi na moja ukutani. Rafu zimeachwa, nzuri. Kulikuwa na harufu ya udi, na hilo lilimshangaza kidogo, kwa kuwa Wakhungu alikuwa mtu wa kanisa la Friends, watu wasiofukiza chochote. Alifungua madirisha. Harufu haikutoka.

Stoo ya nyuma ndiyo chumba ambacho hakuwahi kukiona tangu apangishe. Ilikuwa tupu. Ukutani, mkabala na mlango, palikuwa na mistari minne ya penseli, kama wazazi wanavyopima urefu wa watoto, na kando ya kila mstari jina: Jotham, Isaka, Loice, Peris. Majina matatu ya kwanza yalikuwa yamekatwa kwa mstari ulionyooka. Walubengo alikuwa amehudhuria maziko matatu Chwele katika miaka ile miwili. Wa kwanza watu walisema malaria, wa pili surua, wa tatu tumbo. Kwenye jina la Peris, mtoto wa mwisho, mstari wa kukata ulikuwa umeanza ukaachwa, kama mwandishi aliyeitwa nje kabla ya kumaliza.

Aliandika kwenye karatasi yake: ukuta wa stoo, penseli. Kisha akaona haya kumdai baba aliyefiwa gharama ya kupaka ukuta, akalifuta. Jumatatu alinunua kopo la rangi nyeupe, akapaka mwenyewe.

Lenah alianza kazi wiki ya kwanza ya Agosti. Alikuwa msichana wa kicheko, na wateja walimpenda. Siku ya kumi alimletea baba yake neno wakati wa chakula cha jioni.

"Baba, nani huwa anaandika kwa stoo?"

"Stoo imefungwa."

"Najua imefungwa. Nikiendesha cherehani sisikii. Nikitoa mguu, nasikia. Saa saba hivi, watu wakienda kula. Ni kama penseli kwa ukuta."

"Panya," Agneta alisema.

"Panya gani huyo amesoma?" Lenah akajibu, na wadogo zake wanne wakacheka.

Kesho yake Walubengo alikwenda saa saba kasoro. Jua lilikuwa linawaka, redio ya kinyozi jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Lenah alisimamisha mguu. Baba na binti walikaa kimya, na kutoka nyuma ya mlango wa stoo ukaja mkwaruzo mfupi, ukanyamaza, ukaja tena, wa mtu asiye na haraka. Walubengo alifungua mlango. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mstari mmoja wa penseli juu ya rangi yake mpya.

Lenah aliingia, akasimama na mgongo ukutani, akaweka kiganja juu ya kichwa. Kiganja kiligusa mstari.

"Si ni mimi huyu?" alisema akicheka. Baba yake hakucheka. Alimshika mkono akamtoa, kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

Alipaka rangi tena siku hiyo. Asubuhi yake mistari ilikuwa mitano, mmoja chini ya mwingine, na watoto wake walikuwa watano, na wanne kati yao hawakuwahi kukanyaga stoo ile. Jioni alichukua futi ya kushonea ya Lenah, akasema shule zinataka vipimo vya sare, akawasimamisha wadogo mmoja mmoja kwenye mlango wa jikoni huku wakisukumana na kutaniana nani mfupi, akaandika inchi pembeni mwa gazeti, na kulipokucha akaenda dukani peke yake na futi ile ile, akapima mistari ya ukutani kutoka sakafuni, wa kwanza, wa pili, wa tatu, futi ikamtoka mara mbili, akaiokota, akapima tena kwa matumaini kwamba amekosea, na kila alipokosea mara ya kwanza, mara ya pili ilikuja sawasawa na inchi za gazetini.

Mwisho wa Agosti Lenah alianza kukohoa. Hospitali walimpima damu, wakampiga picha ya kifua, hawakuona kitu. Aliacha kula. Nywele zake zilinukia udi hata baada ya Agneta kuziosha kwa sabuni ya kufulia. Mchungaji alikuja akaomba, na kwa muda wa maombi harufu ilikwisha. Alikuwa hajamaliza chai yake iliporudi. Na ufunguo, ambao Walubengo aliutundika kwenye msumari sebuleni, ulikuwa umeacha alama ya hudhurungi ukutani, kama nguo iliyounguzwa na pasi.

Alirudi stoo mara moja tu. Kwenye mstari wa Lenah, ule wa juu, sasa jina lilikuwa limeandikwa. Na mwanzoni mwa jina, mstari wa kukata ulikuwa umeanza. Urefu wa kucha.

Alipanda ngazi za Kimeli.

"Ile njia ya kwanza, wakili. Ya kukataa. Bado iko?"

"Ulishika ufunguo, mzee. Kisheria imekwisha."

"Siulizi kisheria."

Kimeli alimtazama, akainuka akafunga mlango wa ofisi. Walubengo alieleza yote kwa sauti ya chini. Wakili hakuandika kitu. "Nina shangazi yangu Kapsokwony," alisema mwishowe. "Kanisani hatumtaji."

Shangazi aliitwa Jeruto. Alikuja asubuhi, mwanamke mwembamba aliyevaa sweta ya kiume, akafika mpaka kizingiti cha duka akasimama hapo. Hakuingia. Alivuta hewa kwa pua, kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yameharibika.

"Hii si ya mlima," alisema. "Ya mlima tunajuana. Hii ni jini ya kununuliwa. Ya huko chini, baharini. Nani alikupatia?"

"Hakuna aliyenipa. Mpangaji alitoka kabla ya wakati, ndiyo haya."

"Akakurudishia ufunguo?"

"Ndiyo."

"Kwa mkono?"

Mawazoni Walubengo alimwona Wakhungu akiikataa meza.

"Basi alikupatia," Jeruto alisema. "Hii kitu haina nyumba yake. Inapewa nyumba, na mwenye kushika ufunguo ndiye mwenyeji. Inamletea wateja, halafu inakula kwa watoto wake. Yule mtu wako aliona imefika kwa wa mwisho, akatafuta mkono mwingine."

"Nitautupa mtoni."

"Utaokotwa na mtoto wako. Ukizika, utafukuliwa na mtoto wako. Ilikuja kwa mkono, itarudi kwa mkono. Kwa mtu wa ile nyumba ilitoka. Na uende upesi." Aligeuka, kisha akaongeza bila kumtazama, "Unashangaa nini? Mtu mgeni hangeweza kukufanyia hivi. Mgeni ungemkazania aweke kwa meza."

Usiku ule Walubengo hakulala, si kwa hofu peke yake. Alikumbuka alfajiri ya 1962, tope likikauka mwilini, meno ya Wakhungu yakigongana kwa baridi kando yake, na jinsi yeye Walubengo alivyomnong'oneza: usifunge macho, nitazame mimi. Alikumbuka pia kwamba katika maziko ya Loice, Aprili, Wakhungu alimuuliza, kaburi likiwa halijafunikwa, kama watoto wake wote wako salama. Wangapi sasa, koki? Watano? Aliona ni huruma.

Alhamisi alifunga safari ya Chwele. Alibeba mfuko wa katani wenye mkate, pakiti mbili za sukari, na ufunguo uliofungwa kwenye leso katikati yao. Ilikuwa siku ya soko. Njia ilijaa ng'ombe na pikapu za kabeji. Boma la Wakhungu lilikuwa nyuma ya soko, nyumba mpya ya mabati. Kando ya migomba palikuwa na makaburi matatu, mafupi.

Wakhungu alikuwa uani akichambua maharagwe. Alimwona koki wake langoni, akasimama, akaweka mikono nyuma.

"Hata salamu?" Walubengo aliuliza, mkono wake ukiwa umenyooshwa.

"Wacha tusalimiane kwa mdomo."

Mkono ulibaki hewani, kisha ukashuka.

"Ulijua," Walubengo alisema.

Wakhungu alitazama maharagwe. "Nilijua."

"Lenah anakohoa."

"Peris pia alianza na kukohoa. Jotham, Isaka, Loice, wote. Nilikwenda kwa mtu Mombasa, nikataka biashara tu. Aliniuliza una nyumba iko mikononi mwako, nikasema iko, nina karatasi. Hakuniambia inakula nini. Nilipojua walikuwa wamekwenda wawili." Alizungumza pole pole, kama anayesoma. "Ningefanya nini, koki? Wewe uko na watano. Mimi nilikuwa nimebaki na mmoja."

"Ulihesabu watoto wangu."

"Nilihesabu."

"Kaburini."

Wakhungu aligeuza uso kuelekea migomba.

"Kuna watu wangapi Kitale," Walubengo alisema. "Maadui wako, watu wenye deni lako, watu usiowajua. Sisi tulipakwa tope moja. Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu hiyo hiyo. Mwingine nani angepokea? Mwingine angeenda kwa wakili, angesema weka hapo, lete shahidi. Nilizunguka Kitale nzima kwa mawazo. Wewe ndiye mtu peke yake nilijua hatakataa."

Walubengo alitia mkono mfukoni, akagusa leso. Joto lilipenya kitambaa. "Pokea kitu yako," alisema.

"Sipokei."

"Wakhungu. Pokea."

"Hata ukiniua. Hii mikono nimeifunga." Na ni kweli, vidole vilikuwa vimekunjwa nyuma ya mgongo hata mishipa ya shingo ikasimama.

Walisimama hivyo, wanaume wawili wa miaka arubaini na kitu, hatua moja kati yao, na pengine wangesimama mpaka jioni. Lakini mlango wa nyumba ulifunguka, akatoka mtoto wa kike wa miaka sita, gauni la shule, miguu mitupu, amenenepa mashavu kama mtoto ambaye hajapata kuugua. Alimwona mgeni. Na kwa vile alikuwa mtoto aliyelelewa, alifanya kile ambacho kila mtoto wa Bungoma hufundishwa kabla hajajua kuhesabu: alikimbia kumpokea mgeni mzigo.

"Habari yako, baba," Peris alisema. Aliinama kidogo, akanyoosha mikono yote miwili, akashika mishikio ya mfuko.

"Peris," Wakhungu alisema. "Wacha. Rudi ndani." Alilisema kwa sauti iliyopotea, na mtoto hakusikia, au alidhani ni ile haya ya wakubwa, ya kusema usijisumbue.

Walubengo alikuwa bado ameshika. Jeruto alisema mkono wa mtu wa ile nyumba. Hakusema mkono wa mkubwa, na yeye hakuuliza. Angeweza kusema, huu nitaubeba mwenyewe, mwanangu. Maneno yalikuwa mdomoni. Aliona uso wa mtoto ukimwangalia kwa kungoja, aliona migomba na yale makaburi mafupi nyuma yake, na aliona pia ukuta mweupe Kitale na jina la Lenah likikatwa taratibu na mtu asiye na haraka, na katika pumzi ile moja, ambayo baadaye angeipima mara nyingi kwa kila futi aliyokuwa nayo asipate urefu wake, hakujua kama ni mtoto aliyevuta au ni yeye aliyeachia.

Vidole vyake vikawa baridi.

Peris aliupakata mfuko kifuani. "Una joto," alisema kwa furaha. "Ni mkate?" Akauingiza ndani kwa mama yake.

Wakhungu alikuwa ameketi chini, kwenye maharagwe. Mikono yake sasa ilikuwa mbele, imefunguka, na hapakuwa na mtu wa kuipa kitu.

Walubengo alifika nyumbani saa moja jioni. Lenah alikuwa amekaa kitandani akiomba uji, na Agneta alikuwa akimchana nywele. Zilinukia nywele tu.

Habari kutoka Chwele ililetwa na mchuuzi wa vitunguu wiki ya pili ya Oktoba. Walubengo alikwenda maziko. Koki hawezi kukosa. Alisimama mstari wa mbele. Wakhungu alipita akisalimia watu, alipomfikia alimpa mkono, akamshika kwa mikono yote miwili kwa muda mrefu, kama ndugu, na watu waliokuwa karibu walisema hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Lenah hakurudi kwenye duka lile. Alisema hataki, wala hakuulizwa sababu. Januari lilipangishwa kwa fundi wa redio aitwaye Kemboi, kwa mwaka mmoja mmoja. Mistari mitano ilikuwa imetoweka ukutani. Umebaki mmoja, chini, usawa wa mkanda wa mtu mzima. Walubengo ameupaka rangi mara saba.

"Huyu mtoto ni wa nani, mzee?" Kemboi aliuliza siku ya kuhamia, akiugusa mstari.

"Wa koki wangu," Walubengo alisema.

Kisha akarudi chumba cha mbele cha duka, akautoa ufunguo, kufuli mpya, ufunguo mpya, na Kemboi aliponyoosha mkono kuupokea, akauweka juu ya meza.